Pesa ya ekzosi, itie kwenye breki

Msomaji wa Nairobi mwenye Subaru Impreza ya turbo amejiandikisha kwenye shule ya kuendesha uwanja wa mbio, na anauliza aanze na ekzosi au springi fupi. Asianze na chochote kati ya hivyo. Mwalimu atakayekaa kando yako anataka gari linalosimama, linalokata kona na lisilomwaga oili uwanjani. Nguvu za ziada siku ya kwanza zitakufikisha konani kabla hujajua la kufanya.

Breki ndizo hufa kwanza. Mjini unakanyaga mara moja, zinapata muda wa kupoa. Uwanjani unakanyaga kwa nguvu kila kona, dakika kumi na tano au ishirini mfululizo. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa: DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230, lakini ikishaingia maji kipimo hicho hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanwa, unakanyaga pedali inazama hadi sakafuni. Kwa hiyo fundi asikuongezee tu kwenye kopo. Nunua lita moja, atoe ya zamani yote, gurudumu moja baada ya jingine, hadi yatoke masafi bila mapovu. DOT 5.1 inafaa pia. DOT 5 usiiguse: ni ya silikoni, na haichanganyiki na hizo nyingine.

Pedi zikiwa chini ya nusu ya unene, badilisha. Unene wa mwisho wa diski huwa umeandikwa kwenye diski yenyewe, pima, usikisie. Kisha jua dalili mbili. Pedali ngumu lakini gari halisimami: pedi zimezidiwa na joto. Pedali laini inayozama: mafuta yamechemka. Kwa vyovyote vile punguza mwendo, maliza mzunguko taratibu, ingia piti, yaani eneo la kusimama kando ya uwanja. Ukiegesha, usivute handibreki breki zikiwa bado moto. Acha gari kwenye gia na uweke jiwe nyuma ya tairi.

Matairi ya kawaida yanatosha kabisa. Tazama tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni (si ile ya mafuta ya breki): 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yaliyopita miaka sita yaache nyumbani hata kama meno bado yapo. Anza na upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, tairi likiwa baridi. Likipata moto upepo utapanda psi nne, tano au zaidi, kwa hiyo pima kila unapotoka na uandike. Chora mstari wa chaki begani mwa tairi: chaki ikifutika hadi ubavuni, upepo ni mdogo.

Injini za EJ, zilizo kwenye Impreza nyingi za turbo, zina ugonjwa unaojulikana: kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja na pampu hukosa cha kuvuta. Oili iwe kwenye alama ya juu kila unapoingia uwanjani, na ubebe lita moja ya akiba. Kagua na kifuniko cha rejeta. Kwenye mwinuko wa Nairobi maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo mpira wa kifuniko uliochoka utakuangusha mapema.

Inua gari, utikise kila gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia. Likicheza, ni beringi, boljointi au tairodi, na hapo safari inasubiri. Betri isitikisike. Toa spea, jeki, mikeka na ile chupa ya maji chini ya kiti, maana ndiyo huviringika hadi chini ya pedali.

Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako, kisha zikaguliwe tena magurudumu yakishapoa baada ya kutoka uwanjani mara ya kwanza. Na mpigie wakala wako wa bima kabla hujalipa ada: bima nyingi za barabarani hazigusi uwanja wa mbio.