Muulize Fundi: Mkanda mpya, moshi mweupe na nozeli zinazosingiziwa

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Hilux pikapu ya injini ya 3L, nabebea viazi kutoka shambani hadi Njombe mjini. Taa ya T-BELT iliwaka kwenye dashibodi, nikapeleka gari gereji likabadilishwe mkanda wa taimingi. Kabla ya hapo halikuwa na shida. Tangu litoke gereji, asubuhi halitaki kuwaka, nazungusha stata mpaka betri inachoka. Likiwaka linatetemeka na kutoa moshi mweupe unaochoma macho, hadi lipate moto ndipo moshi unapungua. Mlimani nikiwa na mzigo natambaa na gia ya pili pale nilipokuwa napanda na ya tatu. Nilirudi kwa fundi, akalegeza pampu ya dizeli, akaisukuma kidogo, akawasha, akasikiliza, akasukuma tena, akakaza. Sasa asubuhi linawaka afadhali na moshi umepungua, ila mlima ni uleule. Yeye anasema nozeli zote nne zimekufa, na pampu iende Makambako ikafunguliwe. Siku ya kubadili mkanda mabomba ya dizeli hayakuguswa. Je, nitoe hela? – Mkulima wa viazi, Njombe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hela kaa nayo.

Nozeli nne hazifi mchana mmoja. Nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli kwenye kila silinda, mara nyingi huchoka mojamoja, na ikifa moja gari linamisi silinda hiyo. Ukitaka kujiridhisha, injini ikiwa inaunguruma taratibu mwambie fundi alegeze nati ya bomba la nozeli moja, akaze, aende ya pili, hivyo hivyo hadi ya nne. Afunike kwa kitambaa na aweke uso mbali, dizeli ya pale ina presha. Kila nati ikilegezwa na mlio ukabadilika kwa kiasi kilekile, basi zote nne zinafanya kazi kwa kiwango kimoja, na ugonjwa wako uko mahali panapozihusu zote kwa pamoja. Mahali hapo ni taimingi. Gari liliingia gereji zima likatoka gonjwa. Kilichoguswa ni mkanda.

Kwenye 3L mkanda huo mmoja unashika puli tatu za kazi: ya krenki chini, ya pampu ya dizeli pembeni, na ya kamshafti juu, ile inayofungua valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, pampu na kamshafti huzunguka mara moja. Hesabu meno ya puli ya krenki. Tuseme ni 20: gawanya nyuzi 360 kwa 20, unapata 18. Yaani mkanda ukivaliwa jino moja pembeni, dizeli inaingia nyuzi 18 kabla au baada ya wakati wake. Dizeli haina plagi ya kuiwasha, inategemea joto la hewa iliyobanwa tu. Ikifika imechelewa, pistoni imeshaanza kushuka na joto linapungua, kwa hiyo sehemu ya dizeli inatoka mbichi kwenye ekzosi. Ndiyo moshi wako mweupe unaochoma macho. Baridi ya Njombe inaongezea, lakini usikubali mtu akwambie ni baridi au mwinuko: mwaka jana baridi ilikuwepo, mlima ulikuwepo, na gari lilipanda.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo jibu lako lilipo. Pampu iliposogezwa, kuwaka kumekuwa afadhali lakini nguvu haijarudi. Kama ingekuwa pampu peke yake iliyochelewa, kuiwahisha kungerudisha na mlima pia, walau kwa sehemu. Hii inanifanya nishuku kwamba valvu nazo zimechelewa. Valvu ya hewa ikichelewa kufunga, hewa kidogo inarudishwa ilikotoka kabla haijabanwa, kompresheni inashuka, asubuhi gari linagoma na mlimani linalegea. Pampu na kamshafti zikichelewa pamoja, kosa mara nyingi liko kwenye puli ya krenki. Ndiyo iliyojificha chini, alama yake ina grisi na matope, na fundi anaitazama akiwa ameinama huku tochi ameishika kwa meno. Nimeziona nyingi za namna hii.

Kuzungusha pampu ili kufunika kosa la mkanda ni kumpa mgonjwa wa malaria panado. Tundu za flanji ya pampu, pale bolti zinapoishika, zimetengenezwa kwa marekebisho madogo, hazikuwekwa kwa ajili ya jino zima. Na hata ungeweza kuisogeza pampu yote unayotaka, valvu zinabaki palepale zilipokosewa. Fundi anayerekebisha pampu kwa sikio kabla hajafungua kava la mkanda, mimi simwachii gari.

Kafanye hivi, na usimame pale ukitazama. Kava la mkanda litoke. Ukiweza toa na hita zote nne (plagi za kupasha joto asubuhi) kwenye silinda hedi, injini itazunguka kwa mkono bila kukushindanisha na kompresheni. Zungusha kwa spana kwenye bolti ya krenki, upande wa saa ukiitazama injini kwa mbele, na si kwa bolti ya kamshafti wala kwa stata. Fikisha alama ya kamshafti kwenye alama yake. Kisha tazama ya pampu, kisha ya krenki. Ukipita alama usirudi nyuma, maana mkanda unalegea upande mmoja na alama zinakudanganya. Zungusha tena mpaka ufike. Maliza mizunguko miwili kamili ya krenki ndipo usome. Alama tatu zikikaa sawa kabla ya kuzungusha na zikahama baada ya mizunguko miwili, mkanda ulivaliwa ukiwa umelegea upande usiotakiwa kulegea.

Jambo moja la kuangalia kwa jicho kali: kama puli ya nje ya krenki, ile ya mikanda ya feni, ni ya aina yenye mpira katikati, mpira ukichoka ile pete ya nje huteleza, na alama iliyochongwa juu yake inakuwa ya uongo. Amini alama ya puli ya meno yenyewe, iliyo ndani. Na puli hiyo ikiwa imetolewa, kagua kii yake, kile kipande cha chuma kinachoifunga kwenye krenki. Kii iliyoliwa inaachia puli icheze, na alama utazipanga leo, kesho zimehama.

Ukikuta jino limekosewa, mkanda ulegezwe, upangwe upya. Tenshena, ile puli inayokaza mkanda, ifunguliwe bolti zake iachiwe springi yake iivute, injini izungushwe mizunguko miwili, ndipo bolti zikazwe. Nimeona watu wanaikandamiza tenshena kwa mtalimbo ili mkanda "ukaze vizuri". Beringi ya tenshena inaanza kulia kabla mwezi haujaisha. Mkanda ukiwa na mafuta, tafuta sili ya krenki au ya kamshafti inayovuja na uibadilishe pamoja na mkanda. Mafuta hula mpira.

Halafu pampu irudishwe mahali pake pa mwanzo. Pale flanji ya pampu inapokutana na kesi kuna mstari umechongwa pande zote mbili, na kama umefutika utaona bado kivuli cha vumbi la zamani mahali flanji ilipokaa miaka yote. Mistari ikutane. Hapo washa. Kwa dalili ulizoeleza natarajia litawaka bila kelele. Likibaki na moshi kidogo, sasa ndiyo wakati wa kwenda Makambako, na huko usiombe pampu ifunguliwe. Omba ipimwe taimingi kwa saa ya kupimia, ile inayofungwa nyuma ya kichwa cha pampu na kusoma mwendo wa planja (chuma cha ndani ya pampu kinachosukuma dizeli) kwa sehemu ya milimita mpaka pistoni ya kwanza ifike juu. Kipimo cha injini yako kiko kwenye kitabu cha Toyota, na fundi pampu wa kweli anacho.

Mpaka hapo usilibebeshe mzigo. Injini ya dizeli haina nafasi kubwa kati ya valvu na pistoni, na ukishakosea jino moja hujui mkanda uliovaliwa vibaya utaruka la pili lini.

SWALI: Fundi, nina Hiace ya 5L ya abiria hapa Tanga. Taa ya T-BELT iliwaka, dereva akampelekea fundi, fundi akaizima kwa kubonyeza tu kwenye dashibodi. Gari linatembea vizuri. Kuna tatizo? – Mama mwenye Hiace, Tanga

JIBU: Lipo, mama. Taa ile haiujui mkanda wako ukoje. Inahesabu kilomita tu, na ikifika 100,000 inawaka. Kuizima bila kubadili mkanda ni kufuta hesabu, na sasa taa haiwezi kukuambia umebakiza nini. Na kama gari ulilinunua limetumika, hujui hata kama hesabu ya kwanza ilikuwa ya kweli. Badilisha mkanda na beringi ya tenshena pamoja. Beringi ni bei ndogo ukilinganisha na valvu, na mkanda ukikatika barabarani valvu zinakutana na pistoni. Siku hiyo hiyo taa irudishwe sifuri kihalali, na kilomita ziandikwe kwa rangi juu ya kava la mkanda. Dereva hubadilika, maandishi yanabaki. Na kama baada ya kazi hiyo Hiace itaanza kutoa moshi, msomee fundi wako jibu nililompa mkulima wa Njombe.

SWALI: Fundi, nina Canter yenye injini ya 4D33. Nimepewa bei ya kubadili mkanda wa taimingi. Ni haki? – Kijana wa Canter, Musoma

JIBU: 4D33 haina mkanda wa taimingi. Krenki, kamshafti na pampu zimeunganishwa kwa gia za chuma, zimefungiwa ndani ya kesi na zinaoga mafuta ya injini. Mikanda unayoiona mbele ni ya feni na jenereta, na bei yake unaijua. Mwambie aliyekupa bei akuonyeshe kwa kidole mkanda anaotaka kuubadilisha.