Jibu: Mambo unayopenda kwenye CV, yaandikwe au yaachwe?
Umeuliza kama "kusoma, kusafiri, muziki" yanatosha. Hayatoshi; kila mtu anaandika hayohayo, na msomaji huyaruka. Weka mawili au matatu tu, mwishoni kabisa, kila moja mstari mmoja wenye uzito: badala ya "mpira", andika "nahodha wa timu ya mtaa, wachezaji 18, mazoezi mara mbili kwa wiki". Hapo uongozi unaonekana bila wewe kulitaja neno lenyewe. Siasa na dini acha, labda kama kazi inahusiana nazo. Usijitie mchezaji wa sataranji kama hujui farasi anavyotembea, maana kwenye usaili anaweza kuwepo anayeicheza kweli. Na kama CV yako tayari inamwagikia ukurasa wa tatu, anza kukata hapa.