Maswali ya Wasomaji: Mbona Utando wa Seli Haugandi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Mwanza. Mama yangu huuza samaki pale mwaloni Kirumba, na nyumbani nimeona kwamba mafuta yanayotoka kwa sangara hubaki majimaji, ilhali mafuta ya ng'ombe yakilala kwenye sufuria huganda yakawa meupe. Tumefundishwa kuwa utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka seli, umeundwa kwa lipidi, ambazo ni jamii ya mafuta. Je, mbona utando wa seli za ng'ombe haugandi kama mafuta yake?
Mwanafunzi, Kirumba

JIBU: Mafuta hayo yote mawili ni trigliseridi, yaani gliseroli iliyoungana na asidi tatu za mafuta, na tofauti yake imo katika minyororo ya kaboni ya asidi hizo. Asidi ya steariki, ambayo ng'ombe anayo kwa wingi, ina kaboni 18 na mnyororo wake umenyooka. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 69 hivi. Asidi ya oleiki nayo ina kaboni 18, lakini kaboni zake mbili zimeshikana kwa kiungo cha mara mbili, yaani bondi maradufu, inayoupinda mnyororo katikati, na kwa sababu hiyo huyeyuka kwenye nyuzi joto 13 hivi. Minyororo iliyonyooka hulaliana na kushikamana kama kuni zilizofungwa mzigo, ilhali iliyopinda huachiana nafasi. Samaki wana asidi nyingi za aina hii ya pili, nyingine zikiwa na bondi maradufu tano au hata sita.

Hata hivyo, mafuta uliyoyaona kwenye sufuria ni ya akiba, wala si ya utando. Utando hujengwa hasa kwa fosfolipidi, ambayo ina asidi mbili tu za mafuta, ziitwazo mikia, na mahali pa ile ya tatu pana kichwa chenye fosfati kinachovutwa na maji. Mara nyingi mkia mmoja wa fosfolipidi hunyooka na mwingine hupinda, kwa hiyo hata kwa ng'ombe mikia hiyo haibanani. Katikati yake hukaa kolesteroli, ambayo huizuia isishikamane joto linaposhuka na huipunguzia mwendo joto linapopanda. Tena mwili wa ng'ombe una nyuzi joto 38 na zaidi, wakati samaki hufuata joto la maji anamoishi. Ndiyo maana samaki wa bahari za baridi huhitaji mikia iliyopinda mingi zaidi kuliko samaki wa ziwa letu.

Mwaka 1925, wanasayansi Gorter na Grendel wa Uholanzi walitoa lipidi katika seli nyekundu za damu, ambazo kwa mamalia hazina kiini wala tando za ndani, wakazitandaza juu ya maji. Zilienea eneo linalokaribia maradufu ya eneo la nje la seli zenyewe, nao wakahitimisha kuwa utando una tabaka mbili za lipidi. Mwaka 1972 wanasayansi Singer na Nicolson waliongeza jambo ambalo michoro ya vitabuni hulificha, nalo ni kwamba tabaka hizo ni majimaji, na protini nyingi huelea na kusogea ndani yake. Kwa hiyo, usiuandike utando kuwa ni ukuta. Ukuta wa seli ni kitu kingine, nao hupatikana kwa mimea, kuvu na bakteria walio wengi.

SWALI: Sangara wa kayabo, yaani wa kukaushwa kwa chumvi, hutoa maji mengi akishatiwa chumvi, hata kabla ya kuanikwa. Je, utando wa seli ndio unaoyaachilia?
Msomaji, Igombe

JIBU: Ndiyo. Maji hupita kwenye utando, hasa kupitia protini ziitwazo akwaporini, ambazo ugunduzi wake ulimpatia Peter Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Ioni za chumvi, yaani chembe zake ndogo sana, zina chaji ya umeme, na sehemu ya katikati ya utando, iliyojaa mikia ya mafuta, huzizuia. Kwa hiyo maji ndiyo yanayotoka kuifuata chumvi nje. Kwa kuwa samaki amekwisha kufa, tando zake huharibika polepole, ndipo chumvi inapopenya hadi ndani ya nyama. Bakteria waozeshaji nao hunyang'anywa maji kwa njia hiyo hiyo, na ndiyo sababu kayabo husafirishwa mbali bila barafu.