Muulize Kocha wa Mabeki: Pasi Imepita, Kosa la Nani?

SWALI: Shikamoo kocha. Mwanangu ana miaka 16 na anacheza sefti, yaani beki wa mwisho, kwenye timu ya shule yake hapa Minnesota. Ijumaa iliyopita mpokeaji mmoja alimpita, akadaka pasi ndefu na kufunga. Tukapoteza kwa pointi mbili. Jukwaani nilisikia watu wazima wakitaja namba ya jezi yake kwa matusi. Aliporudi nyumbani hakula. Mimi nimekulia Moshi na kandanda ya kwetu, futiboli hii ya Kimarekani siielewi. Nimwambie nini?
— Mama wa sefti, Brooklyn Park

JIBU: Marahaba, mama. Pole sana, na mpe pole na yeye.

Kabla hujamwambia lolote, muulize: "Mlikuwa mmekubaliana nini kabla mpira haujaanzishwa?" Akijibu, "Yule alikuwa wangu, nikachelewa," hilo ni kosa la miguu. Akijibu, "Nilidhani mwenzangu anaye," hilo mimi naliita kosa la mdomo, na halina mtu mmoja. Mabeki wametegeana. Jukwaani makosa haya mawili yanaonekana sawasawa, kwa sababu jezi iliyo karibu na mfungaji ndiyo inayobeba matusi. Nimefundisha mabeki wa sekondari hapa Minnesota kwa miaka 11, na mara nyingi ninapoirudia picha taratibu nakuta aliyetukanwa ndiye aliyekuwa anakimbia kuziba pengo la mwenzake.

Lakini tuchukulie kweli kosa ni lake. Hapa Minnesota kila mtu anaukumbuka mchezo wa tarehe 14 Januari 2018, Vikings, timu ya hapa, na Saints, mchujo wa NFL, ligi kuu ya futiboli hii. Nilikuwa sebuleni kwa jirani, nyumba imejaa mashabiki wa Vikings, na wawili walikuwa wameshavaa makoti waondoke. Saints walikuwa mbele 24 kwa 23, zimebaki sekunde 10. Vikings wako kwenye yadi 39 ya upande wao na hawana tena ruhusa ya kusimamisha saa. Case Keenum, mrushaji wa Vikings, akarusha mpira kulia, karibu na mstari wa pembeni, na Stefon Diggs akaruka kuudaka.

Aliyekuwa anamjia ni Marcus Williams, sefti wa Saints mwenye miaka 21, msimu wake wa kwanza. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo mno: amwache Diggs adake, atue, kisha amkumbatie ndani ya uwanja. Diggs akilala ndani ya mstari, saa inaendelea kukimbia na mchezo umekwisha. Badala yake Williams aliinamisha kichwa, akapita chini ya Diggs bila kumgusa sawasawa, akaenda kumvaa mwenzake Ken Crawley. Kwa hiyo kosa moja liliondoa mabeki wawili. Diggs akatua, akajishikiza kwa mkono ili asitoke nje, akainua macho: mbele yake nyasi tupu hadi mwisho. Yadi 61, na Vikings wakashinda 29 kwa 24.

Mimi nikiitazama picha ile naona kijana aliyeogopa kufika mapema. Ukimgonga mpokeaji kabla mpira haujamfikia unaadhibiwa, na adhabu ile ingewapa Vikings nafasi ya kupiga teke la ushindi. Alipopunguza mwendo ili asikosee, macho yakaenda chini. Hapo ndipo mwili unapopotea. Beki anayeangusha mtu huku anatazama ardhi anakumbatia hewa, na jambo hili nalisema kila siku ya mazoezi mpaka sauti inakauka.

Sasa, mama, kuna mambo mawili ambayo watu hawayasemi. Saints walikuwa nyuma 17 kwa 0 mpaka mapumziko, na katika kurudi kwao ni Williams huyuhuyu aliyenasa pasi ya Keenum katika robo ya tatu. Bila yeye pengine wasingefika kwenye zile sekunde 10 wakiwa mbele. La pili, hakuacha mpira. Alibaki Saints misimu minne zaidi, na mwaka 2022 timu ya Ravens ikamsajili kwa miaka mitano, mkataba wa dola milioni 70. Mwanao asimuliwe hilo atakapokuwa tayari kusikia. Leo mpikie chakula anachokipenda, na umwombe akuchoree kwenye karatasi nani alikuwa wa nani. Kijana akimchorea mama yake mchezo, analiona kosa kwa macho mengine.

SWALI: Kocha, huku kwetu Super Bowl, fainali ya NFL, huanza saa nane na nusu usiku, na ile ya Chiefs na Eagles ya 2023 niliikesha. Hadi leo sijaelewa: Chiefs walifunga mara mbili karibu kabisa na mstari, na mara zote mpokeaji alikuwa peke yake kama mtu anayesubiri daladala. Mabeki wa Eagles, timu kubwa vile, walikuwa wapi?
— Mkesha, Arusha

JIBU: Umeuliza juu ya kosa ninalolipenda kulifundisha kuliko yote, kwa sababu hakuna beki aliyeteleza wala aliyezidiwa mbio.

Ilikuwa Glendale, Arizona, tarehe 12 Februari 2023. Katika robo ya nne Kadarius Toney wa Chiefs alifunga kutoka yadi 5, kisha Skyy Moore kutoka yadi 4 upande wa pili. Mara zote mbili mpokeaji aliyesimama pembeni alianza kukimbia kuelekea katikati kabla mpira haujaanzishwa, kama anayetaka kuvuka kwenda upande mwingine. Mabeki wa Eagles hawakumfuata, walipokezana. Wa pembeni anamwambia wa ndani, "Anakuja, mchukue," kisha yeye wa pembeni anasogea ndani kumchukua mwingine. Huo ni utaratibu mzuri kabisa. Ukimfuata mtu kila anapovuka utagongana na wenzako katika nafasi finyu ile.

Ila Toney hakuvuka. Mpira ulipoanzishwa aligeuka ghafla, akarudi alikotoka. Mabeki walikuwa wameshakabidhiana, na hakuna aliyekabidhi upya. Wa pembeni anajua ametoa, wa ndani anajua mtu wake yuko ndani. Kila mmoja ametimiza wajibu wake wa nusu sekunde iliyopita. Patrick Mahomes, mrushaji wa Chiefs, alihitaji tu kumtupia mpira taratibu. Chiefs wakashinda 38 kwa 35.

Kinachoniuma kama kocha ni kwamba Eagles walikuwa wameshafanyiwa jambo hilo na Jacksonville Jaguars mwezi Oktoba 2022, na makocha wa Chiefs waliliona kwenye picha wakati wa maandalizi yao. Pengo ukilionyesha mara moja katika ligi ile, limeandikwa. Na bao la pili, upande wa pili wa uwanja, dakika chache tu baada ya la kwanza, hilo siwezi kulitetea. Baada ya lile la kwanza mtu mmoja kando ya uwanja alipaswa kuwashika mabeki mabegani na kusema: "Akigeuka, anarudi kuwa wako."

Vijana wangu tunalifanyia kazi kila Jumanne, dakika 15, bila mpira. Mpokeaji anatembea, beki ananyoosha kidole na kutaja namba kwa sauti, na mwenzake lazima aitaje namba hiyohiyo ndipo imehesabika. Mpokeaji akigeuka, namba inatajwa tena. Msimu uliopita nilikuwa na kijana mwepesi kuliko wote, mkimya, ananyoosha kidole vizuri lakini mdomo haufunguki. Nilimweka benchi wiki mbili. Mama yake alinipigia simu akiwa na uchungu, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Wiki ya tatu kijana alipaza sauti mpaka marefa wakageuka kumtazama.

SWALI: Mimi ni shabiki wa Chiefs, mzaliwa wa Lubumbashi. Zile sekunde 13 dhidi ya Bills, ilikuwa bahati yetu au kosa lao?
— Mkaaji wa Kansas City

JIBU: Kosa lao, ndugu yangu, na wachezaji wenu walijua kulitumia.

Tarehe 23 Januari 2022, katika mchujo wa NFL, Bills waliongoza 36 kwa 33, zimebaki sekunde 13, Chiefs wakianzia yadi 25 yao. Mabeki wa Bills walisimama mbali sana nyuma na kulinda kando za uwanja, katikati pakabaki pameachwa wazi. Ulinzi wa namna hiyo unafaa dhidi ya timu isiyoweza kusimamisha saa, kama Vikings niliowataja juu, kwa kuwa anayedaka katikati muda unammalizikia. Chiefs walikuwa na nafasi zao zote tatu za kusimamisha saa mfukoni. Tyreek Hill akadaka yadi 19 akakimbilia katikati, saa ikasimama. Travis Kelce akadaka 25 katikati hapohapo, saa ikasimama. Yadi 44 kwa sekunde 10. Harrison Butker akapiga teke la yadi 49 kusawazisha, na katika muda wa nyongeza Kelce akafunga, 42 kwa 36.

Ukirudia kutazama, usianzie kwa Hill. Sogeza picha nyuma hadi kabla mpira haujaanzishwa, hesabu hatua zilizopo kati ya kila beki na mpokeaji wake, kisha tazama pembe ya skrini palipoandikwa idadi ya nafasi za kusimamisha saa zilizobaki.