Kabla Hujaandika "Dimbwi"

Kazi ya kwanza ya tafsiri niliyolipwa ilikuwa kijitabu cha wapandaji wa Mlima Kenya. Nilikuwa kijana wa Langoni hapa Lamu, sijaona barafu ila ile ya kutilia samaki, na mlima wangu mrefu ulikuwa matuta ya mchanga ya Shela. Kila nilipokuta neno la Kiingereza tarn, niliandika "dimbwi". Neno fupi, linakaa vizuri kwenye mstari, nikaridhika.

Kijitabu kilipotoka, mwenye kazi alinipigia simu. "Bwana, watu wanauliza kwa nini tunawalaza kando ya madimbwi. Kuna mmoja ameuliza kama tutampa chandarua."

Alikuwa na haki. Dimbwi ni maji yaliyotuama njiani baada ya mvua, au yale yanayosalia mwambani bahari ikikupwa, watoto wakaenda kuchokoa vijisamaki. Ukirudi kesho huenda usiyakute. Tarn ni jambo jingine kabisa. Zamani mto wa barafu uliteremka mlimani ukiusaga mwamba, ukachimba kama bakuli. Barafu ilipoyeyuka, bakuli likabaki na maji, mara nyingi yakizuiwa na kingo ya mawe na kifusi ambacho barafu yenyewe ilikisukuma. Maji hayo ni baridi ya kuuma mifupa, na yamekaa hapo maelfu ya miaka. Mbu atafuata nini huko?

Basi toleo la pili nikasahihisha, na kichwa cha sura kikawa "Maziwa ya Mlima Kenya". Safari hii simu ilitoka kwa mwenye duka aliyetaka kujua bei ya lita.

Nakueleza haya wewe unayeanza kwa sababu najua kamusi utakayoshika, na najua itakupa neno moja tu mbele ya kila neno. Usilichukue hivyo hivyo. Yaulize maji kwanza: yameingilia wapi, yanatokea wapi, yana chumvi, na kiangazi yanabaki? Nahodha wa jahazi haulizi kama mlango wa bahari ni mkubwa. Huuliza una kina gani, na bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa zaidi, ni lini. Nasi zamani tulijifunza hivyo kwa lazima: ulikuwa ukifika Mkanda, ule mfereji wa mikokoni kati ya Manda na bara, maji yameshakupwa, unatia nanga unasubiri, hata kama ramani imeuchora buluu.

Ukishayauliza, andika kwa maneno mengi pale panapohitaji. Mimi siku hizi mara ya kwanza naandika "ziwa dogo la mlimani, lililochimbwa na barafu", kisha naendelea na "ziwa" tu. Jina la mahali sigusi. Kwenye njia ya Chogoria, Mlima Kenya, kuna Hall Tarns, juu ya jabali, na chini yake bondeni linaonekana Lake Michaelson. Yote mawili ni kazi ya barafu. Aliyeyapa majina aliona moja linastahili kuitwa ziwa na mengine hayastahili, basi muachie na hukumu yake. Ukubwa hauna mpaka uliochorwa popote. Huko Poland, kwenye milima ya Tatra, maziwa ya namna hii huitwa staw, neno ambalo kwa mtu wa kawaida ni bwawa la kufugia samaki. Na moja ya "mabwawa" hayo lina kina cha mita 79.

Loch ya Scotland ndiyo huwaangusha wengi. Utaandika "ziwa" kila mahali, na kwa Loch Ness utakuwa sawa, maji yake ni baridi, hayana chumvi. Lakini Loch Fyne ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, maji yanajaa na kupwa kama hapa kwetu. Hiyo ni hori. Mtu wa Lamu anaielewa kwa neno moja. Ukimwambia ziwa umemdanganya.

Na usidhani mtego uko kwenye lugha za watu tu. Nilikuwa na mwanafunzi kutoka bara, kijana makini sana, akipitia maelezo ya nyumba ya wageni huko Mkomani. Akanijia usiku na karatasi. "Maalim, hapa pana kosa. Wameandika birika lina samaki." Kwao birika ni la chai. Nikamchukua hadi chooni kwangu nikamwonyesha: hodhi ya mawe iliyopigwa chokaa, maji ya kuogea, na ndani vijisamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa limejengewa bakuli la kaure. Maji yakipungua, samaki hukusanyika humo mpaka birika lijazwe tena. Akachutama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kesho yake akaniuliza habari za jabia, yale matangi ya kuvunia mvua ya visiwa vya huku, nikajua ameshaingia kazini.

Jambo jingine dogo: usimrekebishe mwandishi kwa sababu jina limejirudia. Mere ya Windermere, huko Uingereza, maana yake ni ziwa, kwa hiyo "Ziwa Windermere" ni ziwa mara mbili. Nyasa nayo ni hivyo hivyo, na Ziwa Nyasa twalisema bila kukwama. Mto mmoja nao waweza kuwa na majina matatu: Athi huko juu, Galana ukishapokea Tsavo, Sabaki ukikaribia Malindi, pale unapoitia bahari wekundu wakati wa mvua. Andika lile la mahali unapozungumzia.

Mwaka huu nilipata tena maandishi ya Tatra, na ndani yake ziwa liitwalo Morskie Oko. Liko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wenyeji wa zamani walisimulia kwamba limeungana na bahari kwa njia ya chini ya ardhi. Jina lenyewe halikunisumbua: Jicho la Bahari. Nikampa mpwa wangu rasimu aisome, yeye ni mvuvi. Akasoma, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Mjomba, hili jicho liko upande gani wa Manda?"

Nimeongeza "ziwa" mbele yake.