Ufunguo wa Sir Humphrey

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: katika vichekesho vya runinga, nani humshinda mwenzake, mwanasiasa au mtumishi wa umma? Nimetumikia masijala ya wizara miaka ishirini na miwili, kwa hiyo msinitegemee kuwa refa wa haki.

Najibu kwa kipindi kimoja tu, Yes Minister, kichekesho cha Uingereza cha BBC, kilichoanza kurushwa Februari 1980, pamoja na mwendelezo wake Yes, Prime Minister wa 1986 hadi 1988. Binti yangu ndiye aliyenionyesha, nikiwa nimeshastaafu. Waziri Jim Hacker anaingia ofisini na ahadi za kampeni zikiwa bado za moto. Katibu Mkuu wake, Sir Humphrey Appleby, anaitikia "Ndiyo, Mheshimiwa Waziri," na jambo linafia hapohapo. Watu humsifia Humphrey kwa zile sentensi zake ndefu kama treni ya mizigo. Mimi nilimwogopa kwa kitu kingine: anajua karatasi iko wapi na mlango gani una kufuli.

Tazameni sehemu inayoitwa The Key. Hacker sasa ni Waziri Mkuu, na Humphrey ndiye Katibu wa Baraza la Mawaziri, kama Katibu Mkuu Kiongozi wetu. Ugomvi unaanzia kwenye chumba. Mshauri wa kisiasa wa Hacker, Dorothy Wainwright, amehamishwa ofisi na Humphrey. Ile ya zamani ilikuwa jirani na choo cha wanaume, na mawaziri wakitoka kikaoni kujisaidia husemea huko yale wasiyothubutu kuyasema mezani. Mama yule alikuwa akiyasikia yote. Hacker anapogundua alivyochezewa, anaagiza Humphrey anyang'anywe ufunguo wa mlango unaounganisha ofisi yake na Namba 10, yaani makazi na ofisi ya Waziri Mkuu. Basi! Bwana mkubwa mwenye suti ya thamani anaishia kupitia dirishani, king'ora kinalia. Hakuna hotuba bungeni iliyowahi kumdhalilisha kiasi hicho.

Nilicheka, lakini nilicheka kama mwenyeji. Waziri mmoja aliwahi kushuka mwenyewe masijala kuulizia faili. Tukampa kiti, tukampa chai, tukamwambia faili liko kwa mkubwa kwa hatua zaidi. Kweli lilikuwa kwa mkubwa: limelala kwenye droo yake kwa mwezi wa pili mfululizo, na sote tulijua. Aliaga kwa adabu. Baada ya muda akahamishiwa wizara nyingine, na faili likafufuka.

Mfumo huu tuliurithi kwa haohao Waingereza. Waziri huja na kuondoka. Katibu Mkuu ndiye afisa masuuli, naye ndiye anayebanwa fedha ikitumika vibaya. Kwa hiyo simwoni Humphrey kuwa shetani tu. Kuna mawazo ya Hacker ambayo hata mimi ningeyaficha chini ya rundo la majalada.

Margaret Thatcher alikipenda mno kipindi hiki, hata mwaka 1984, akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, akaigiza kichekesho kifupi pamoja na Paul Eddington, aliyeigiza Hacker, na Nigel Hawthorne, aliyeigiza Humphrey. Nadhani mwanasiasa hukipenda kwa kuamini anayechekwa ni katibu, na katibu naye anaamini kinyume chake.

Nani mshindi, basi? Sehemu nyingi ni Humphrey. Siku ya ufunguo, Hacker. Ila jicho langu halikuwa kwao. Lilikuwa kwa Bernard Woolley, katibu binafsi wa Hacker, kijana mpole anayepaswa kusimamia amri ile ya mlango. Bosi wake ni Waziri Mkuu, lakini cheo chake cha kesho kiko mikononi mwa Humphrey. Binti yangu alikuwa hoi kwa kicheko. Mimi nilinyamaza, maana nimeshawahi kusimama pale, funguo za kabati mfukoni, wakubwa wawili wakiniita kwa wakati mmoja.