Mshahara Unakwisha Kabla ya Tarehe Kumi

SWALI: Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Morogoro. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, na baada ya makato napokea shilingi 620,000. Sinunui nguo ovyo wala sina starehe yoyote ya gharama, lakini ikifika tarehe kumi sina kitu. Mkaa nanunua wa kopo, shilingi 2,000 kila siku, mafuta ni ya kupima, na mengine naandikiwa kwenye daftari la dukani. Karibu kila mwezi nakopa 100,000 mtaani na kurejesha 130,000 siku ya mshahara. Kadi za harusi nazo hazikomi; mwezi uliopita nilichangia mbili, 30,000 kila moja. Jirani yangu, ambaye kipato chake hakizidi changu, hununua gunia la mkaa kwa 55,000 na linamtosha wiki sita. Nakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, kwanza nakuomba uache kujiita mbadhirifu moyoni, maana barua yako haionyeshi ubadhirifu. Inaonyesha mama anayenunua kila kitu kwa bei ya juu kwa sababu mshahara wake humfikia ukiwa umekwisha kuliwa. Kopo la 2,000 kwa siku ni 84,000 kwa wiki sita, na jirani yako hupika muda huo huo kwa 55,000. Tofauti ya 29,000 si ya akili wala ya bidii. Yeye siku ya mshahara ana 55,000 za kutoa kwa mkupuo, nawe huna, kwa kuwa 130,000 zimekwenda kwa aliyekukopesha.

Kwa hiyo kiini cha tatizo ni huo mkopo. Riba ya 30,000 kwa kila 100,000 ni asilimia 30 kwa mwezi, na ukikopa mara kumi kwa mwaka umelipa 300,000, karibu nusu ya mshahara, bila kununua hata kijiko. Watu hawakukosea kuiita mikopo ya namna hii kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, nawe una haki ya kuomba kuiona.

Najua huwezi kuacha kukopa ghafla, na mshauri anayekuambia hivyo hajawahi kuishi kwa mshahara. Shuka ngazi kwa ngazi. Mwezi huu kopa 80,000 badala ya 100,000, unaofuata 60,000, kisha 40,000, kisha 20,000, na mwezi wa tano usikope. Nimeipiga hesabu hii kwa makini: mwezi wa kwanza ndio mgumu, utapungukiwa na 20,000 ukilinganisha na ulivyozoea, wa pili utapungukiwa na 14,000 kwa kuwa marejesho yameshuka hadi 104,000, wa tatu 8,000, wa nne 2,000. Mwezi wa tano utakuwa na ziada ya 4,000, na kuanzia wa sita zile 30,000 za riba ni zako kila mwezi. Siku ile ile ya mshahara, kabla ya jambo jingine lolote, nunua gunia. Mwezi wa kwanza litakuokolea 5,000 tu, lakini wa pili utauanza ukiwa na mkaa wa karibu wiki mbili ambao umekwisha kuulipia.

Zile 15,000 zinazobaki katika pengo la mwezi wa kwanza zitoke kwenye michango. Msiba sikushauri uupunguze hata kidogo, maana hakuna anayechagua siku ya kufiwa. Harusi ni jambo jingine: tenga fungu moja la mwezi, tuseme 30,000, na likiisha mwambie mwenye kadi ukweli, kisha ujitolee kwenda kupika au kupokea wageni. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na methali hiyo haikusudii kwamba mtoaji akakope ili atoe.

Ukishamaliza deni, na si kabla, tafuta kikoba. Mfumo wa vikundi hivi ulianza mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, miongoni mwa wanawake wa vijijini, na ubora wake ni kwamba riba unayolipa hurudi kwenye sanduku la kikundi na kugawanywa kwa wanachama kulingana na hisa.

SWALI: Mimi ni dereva wa bodaboda, Mombasa. Sina mshahara, kila jioni nampelekea mwenye pikipiki hesabu yake na kinachobaki tunakula nyumbani. Nikikwama nachukua mkopo wa simu wa M-Shwari, kama Sh1,000 hivi. Je, mtu kama mimi anaweza kuweka akiba?

JIBU: Anaweza, ndugu yangu, na njia umeitaja mwenyewe. Hesabu ya mwenye pikipiki hupatikana kila siku, iwe mvua au jua, kwa kuwa huitoi katika mabaki. Jiwekee nawe hesabu yako, ndogo, itolewe mara tu baada ya ile ya kwanza na kabla ya chakula. M-Shwari hutoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na tozo hiyo haipungui hata ukilipa baada ya wiki moja, hivyo kila unapochukua Sh1,000 unatoa Sh75, mbali na ushuru wa serikali. Huduma hiyo hiyo ina akaunti ya akiba inayofungwa kwa muda unaouchagua. Ukiweka akiba ya Sh50 kwa kila siku ya kazi, siku 26 zitakupa Sh1,300, nazo zinazidi kile unachokwenda kukopa tairi linapopasuka.